Datsun 620 ya marehemu baba: usukani unatetemeka kona za Soni, ni kingipini kweli au naliwa hela?

Mkulima wa Lukozi

Wakuu salaam. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na magari ya zamani. Anayetaka kuniambia nipige mnada aokoe bando lake tu.

Nina pikapu Datsun 620 ya mwaka 1977, injini J15, aliiacha marehemu baba. Kazi yake ni kutoa kabichi na karoti shambani, kuzifikisha soko la Lukozi, na mara moja au mbili kwa wiki kushuka nazo Lushoto, Soni hadi Mombo nikikosa nafasi kwenye gari za watu. Injini haina neno, inawaka asubuhi na baridi yetu hii. Tatizo liko mbele.

Miezi kama mitatu sasa, ikifika spidi 50 usukani unaanza kutetemeka, kwanza taratibu kama mtu mwenye homa, halafu gari zima linaitikia. Nikishuka hadi 30 unatulia. Kwenye kona za Soni ndiyo kuna shughuli: nikikata kona gari linachelewa kama linajishauri, kisha linaingia lote kwa mpigo. Nikishika breki linavuta kushoto. Na tairi la mbele kushoto limeliwa ukingo wa ndani hadi nyuzi zinachungulia, wakati ukingo wa nje bado una kashata nzuri tu.

Fundi mmoja wa huku aliliangalia mwezi wa tatu. Akakaza skrubu ya boksi ya stelingi, lile lenye meno ya kugeuzia usukani, akabadilisha tairodi endi mbili, zile ncha za fimbo za usukani, akapiga grisi, akachukua chake. Siku mbili likawa zuri. Sasa ugonjwa umerudi na nyongeza: usukani umekuwa mzito, na nikishamaliza kona haurudi wenyewe, mpaka niurudishe kwa mikono kama nageuza jiwe la kusagia.

Fundi wa pili kasema kingipini, zile pini za kugeuzia matairi ya mbele, na bushi zake zimekwisha pande zote mbili, anataka laki tatu na nusu, spea juu yake. Kabla sijauza mbuzi: nitajuaje kwamba ni kweli? Na je, kazi yenyewe naweza kuifanya nyumbani? Nina jeki, spana seti moja, nyundo ya kilo mbili, na mdogo wangu mwenye nguvu nyingi kuliko subira.

Nawasilisha.

Kirikuu Boy

Sijasema mnada mkuu. Nasema tu Kirikuu yangu, kapikapu kadogo, sijawahi kuiuliza habari za kingipini, hata hazina. Boljointi zikiisha unanunua, unafunga, jioni uko barabarani. Hilo chuma lako limekuzidi umri, ulipaswa kuliamkia.

Mkulima wa Lukozi

Naliamkia kila siku. Njoo Lukozi msimu wa mvua na Kirikuu yako tupakie matenga ya nyanya, halafu tuone nani atasukuma nani.

Dereva wa Kenta

Mkuu usiuze mbuzi. Mimi Kenta, lori langu, ilinifanyia hivyo hivyo nikiwa Segera na mzigo wa watu. Tulichomoa kingipini pale pale kando ya barabara, tukakata kopo la soda utepe mwembamba, tukauviringisha ndani ya bushi, tukarudisha. Ikakaza kama mpya. Nilifika Chalinze, nikafika Dar, nikakaa nayo mwezi mzima. Kopo mia tano, we laki tatu unapeleka wapi?

Mzee wa Spana

Nimesoma yote. Mimi ni fundi wa Tanga mjini. Datsun hizi nimezifungua miguu ya mbele tangu zikiwa bado zinanukia rangi ya dukani. Mgongo umestaafu, mdomo bado.

Nianze na kopo. Mwanangu wa Kenta, kopo lako lilikutoa porini na kwa hilo lilifanya kazi yake. Lakini kopo ni alumini, na alumini laini ikisuguliwa na chuma kigumu inageuka unga mweusi. Unga ule ukichanganyika na grisi unakuwa msasa, na msasa ule unatafuna kingipini yenyewe. Ulipofungua tena baada ya mwezi, hebu sema kweli, uliikuta kingipini ikoje? Huyu mwenzetu anashuka Soni, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Kopo hapana.

Sasa kijana wa Lukozi. Kingipini ni bawaba. Tairi lako la mbele ni mlango, na unaning'inia kwenye pini moja ya chuma kigumu iliyosimama tuli, ikizungukwa na bushi mbili za shaba nyeusi, moja juu, moja chini. Katikati kuna chuma kilichoshikamana na amu za gari, ile mikono inayounga tairi na chasisi, hicho ni nguzo ya mlango. Chini yake kuna trasti beringi, ndogo kama biskuti, ambayo ndiyo inabeba uzito wote wa kona ile ya gari. Bawaba zikilika mlango unalala. Tairi likilala kwa juu kuingia ndani, linakula ukingo wa ndani. Hayo ndiyo unayoyaona.

Kupima hakuna gharama. Weka magogo nyuma ya matairi ya nyuma, piga jeki mbele mpaka tairi liache ardhi. Shika tairi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono wa pili, sukuma na vuta. Likicheza, usiseme bado ni kingipini. Mwambie mdogo wako akanyage breki ashikilie, halafu tikisa tena. Mchezo ukipotea breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi za hab, yaani kitovu cha gurudumu, kazi ya nusu saa. Mchezo ukibaki vile vile, lala chini na tochi utazame nini kinaachana na nini. Ukiona stabu, yaani kile chuma kinachobeba hab na kugeuka pamoja na tairi, inaachana na ile nguzo ya katikati, basi fundi wako wa pili ni mkweli. Ukiona mchezo uko chini zaidi, pale nguzo inapokutana na amu ya chini, kuna bushi za skrubu pale, nazo huisha, na watu wengi huzisahau wakalaumu kingipini. Halafu shika tairi kushoto na kulia, tikisa. Mchezo wa namna hiyo ni wa tairodi, aidla amu (mkono wa usukani ulio upande wa pili wa boksi) au boksi.

Kuhusu yule aliyekaza boksi, simjui wala sitaki kumjua. Ila meno ya boksi hulika zaidi katikati kwa sababu muda mwingi tunaendesha moja kwa moja. Ukikaza skrubu mpaka katikati pabane, pembeni ambako meno bado ni mazima panakabwa koo. Ndiyo maana usukani haurudi ukimaliza kona. Alificha ugonjwa mmoja kwa kuleta mwingine. Usiiguse skrubu hiyo kwa sasa, tutairudia.

Kabla hujanunua hata washa, nifanyie jambo moja. Kila stabu ina nipeli za grisi, vile vichuchu vya kupigia pampu, ya juu na ya chini. Fungua zote nne kwa spana ndogo, uzitoe kabisa, uchungulie ndani ya tundu. Usipige pampu kwanza. Fungua uchungulie, halafu njoo uniambie umeona nini. Kingipini ikipata grisi inazika mafundi. Ikifa kuna aliyeiua, na usipomjua ataziua na hizo mpya.

Mkulima wa Lukozi

Shikamoo mzee wangu, na samahani, uzi niliufungua bila kuamkia watu wazima.

Nimepima leo asubuhi. Kulia kuna mchezo kidogo, breki ikikanyagwa unabaki. Kushoto mdogo wangu alipotikisa nilidhani tairi linatoka. Nimelala chini na tochi: stabu inapanda na kushuka kwenye nguzo, na juu kuna mwanya ambao ukucha wangu unaingia. Chini kwenye amu kumetulia.

Nipeli sasa. Kulia ya juu ilikuwa na grisi laini. Kulia ya chini grisi ngumu, rangi ya kahawa. Kushoto ya juu nimeingiza spoki ya baiskeli, imetoa kitu kama mabaki ya sabuni ya kipande, kimekauka kabisa. Kushoto ya chini ndiyo imenichekesha kwa uchungu: imepakwa rangi. Miaka ile baba alipopeleka gari kupigwa rangi chasisi, walipiga rangi nyeusi juu ya nipeli na kile kigololi cha mdomoni kimeganda. Sasa naelewa kwa nini kila nikipeleka kupigwa grisi nilikuwa naona inafurika nje kuzunguka nipeli, nami nafurahi kwamba imejaa. Kumbe ilikuwa inaoga nje, ndani haijaingia hata tone.

Mzee wa Spana

Marahaba mwanangu. Umeshampata muuaji. Grisi ikiingia kweli utaiona inatokea kwenye maungio, pale stabu inapokutana na nguzo, ikisukuma ile nyeusi ya zamani itoke kwanza. Ikitokea kwenye mdomo wa pampu, hujapiga grisi, umepaka mafuta.

Sasa kazi. Unaweza kuifanya nyumbani nusu yake. Nusu ya pili inataka mashine, na hapo usilete ubishi.

Nusu yako: gari juu ya magogo imara chini ya chasisi, jeki peke yake usiiamini. Toa tairi, hab na dramu. Sahani ya breki ifungue uitundike kwa waya juu, usiiache ining'inie kwa mpira wa breki. Achia tairodi endi. Kabla hujagusa amu, kumbuka Datsun hii mbele haina springi za kawaida, ina torsheni baa, ule mti wa chuma uliolala kuelekea nyuma na unaojinyonga. Umebeba nguvu ya kuvunja mkono. Weka jeki chini ya amu ya chini, nenda nyuma kwenye nati ya kurekebishia, hesabu nyuzi za bolti zinazoonekana, andika kwenye ukuta wa banda, ndipo ulegeze. Wakati wa kurudisha utarudi kwenye hesabu ile ile na gari litasimama kimo kile kile.

Kingipini yenyewe imefungwa ubavuni na kipini kidogo cha ulalo chenye nati. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya uzi, usiitoe, kisha gonga juu yake. Ukitoa nati na kugonga uzi mtupu, umeuharibu. Kipini kikitoka, kingipini yako haitatoka, nakuambia mapema ili usikasirike. Imekaa kavu miaka. Usiipige nyundo ya kilo mbili mpaka kichwa chake kiumuke kama uyoga, kikiumuka haipiti tena popote. Na usimruhusu mtu wa gesi aiwashe stabu mpaka iwe nyekundu, kile ndicho chuma kinachoshika tairi lako. Toa mguu wote, stabu pamoja na nguzo, utie kwenye gunia, upeleke penye presi.

Dereva wa Kenta

Mzee shikamoo. Umeuliza kingipini ya Kenta niliikutaje baada ya kopo. Ilikuwa na kiuno kama nyigu. Nimekoma.

Binti Mkereza

Mzee wetu shikamoo, na wengine habari zenu. Mimi nakereza vyuma, karakana yetu iko Korogwe, na kingipini tunazifanya kila wiki ingawa nyingi ni za Kenta na Fuso. Naongeza machache upande wa mashine maana hapo ndipo watu wananiharibia kazi kisha wananiletea lawama.

Kaka wa Lukozi, ukinunua kiti, yaani seti ya spea za kingipini, nenda na kingipini ya zamani mkononi, au walau vipimo vyake kwa vernia, urefu na unene. Datsun 521 na 620 zinafanana kwenye maneno ya muuzaji, kwenye chuma tusibahatishe. Kiti kamili kina kingipini mbili, bushi nne, trasti beringi mbili, shimu (washa nyembamba za kujazia mwanya) na vizibo.

Bushi mpya zikishindiliwa na presi zinabanwa, tundu linapungua. Kingipini haitaingia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Watu wakifika hapo wanafanya dhambi mbili. Wa kwanza anafunga msasa kwenye kijiti anasugua bushi mpaka kingipini inapita. Tundu linakuwa la yai, na bushi ya juu inatazama Lushoto, ya chini inatazama Tanga. Wa pili, huyu ndiye ananitoa machozi, anapeleka kingipini kwenye jiwe la kunolea anaipunguza. Ugumu wa kingipini uko kwenye ngozi yake. Ukiimenya umebaki na chuma cha msumari.

Kinachotakiwa ni rima, chombo cha kupanulia tundu, iliyo ndefu inayopita bushi zote mbili kwa pamoja, ya juu ikiiongoza iingie ya chini, ili matundu yawe mstari mmoja. Unakula kidogo, unafuta, unajaribu, unakula tena. Mwisho kingipini ikipakwa oili iingie kwa kusukumwa na dole gumba, isidondoke yenyewe, isihitaji nyundo. Nafasi inayobaki ni ndogo kuliko unene wa unywele.

Na tundu la grisi la bushi lazima litazamane na tundu la nipeli. Litazamane kabisa. Hii inasemwa kirahisi lakini nimeshafungua gari lililotengenezwa wiki mbili kabla, bushi nne mpya, moja tu ndiyo tundu lake limekaa mahali pake.

Mkulima wa Lukozi

Dada, hiyo rima ipo kwenu? Korogwe kwangu si mbali. Nikileta mguu kwenye gunia mtanicheka?

Binti Mkereza

Ipo. Lete yote miwili. Tumeshaletewa ekseli kwenye bajaji, gunia ni heshima.

Mkulima wa Lukozi

*(wiki tatu baadaye)*

Narudi na majibu, samahani kwa kimya, kulikuwa na mavuno.

Kiti nilikipata Gerezani, Dar, kupitia shemeji yangu, 130,000, akakituma kwa basi hadi Mombo. Kufungua kulituchukua siku mbili kwa upande wa kushoto na nusu siku kwa kulia. Nyuzi za torsheni baa niliandika kwa mkaa ukutani: kushoto 11, kulia 9. Mama akauliza ni deni la nani.

Mzee, kingipini ya kulia ilitoka kwa nyundo ndogo na kipande cha shaba, kama inavyopaswa. Ya kushoto haikujali. Tuliinywesha mafuta ya taa na oili siku nne, ikakaa. Mdogo wangu alikuwa tayari ameshaishika ile ya kilo mbili, nikamwonyesha maneno yako kwenye simu ndipo akaiweka chini. Korogwe kwenye presi ililia mlio kama bunduki, pa, watu wa duka la pili wakatoka nje. Ndipo ikaanza kushuka.

Sasa nawaelezea nilichokiona mezani, maana kilinifundisha kuliko maneno. Kingipini ya kushoto juu ilikuwa inang'aa kama kioo. Chini, kwa urefu wa kama kidole gumba, imeliwa upande mmoja tu, na pale ilipoliwa kuna ngazi: ukipitisha ukucha unakwama. Rangi yake bluu na kahawia. Trasti beringi haikuwa beringi tena. Tulipoifungua zilidondoka gololi tatu, nyingine zimekuwa vumbi jekundu. Ina maana gari la baba lilikuwa linakata kona juu ya kutu.

Halafu dada mkereza akaniita nitazame ndani ya tundu la bushi ya chini, kushoto. Naomba aeleze mwenyewe.

Binti Mkereza

Bushi ilikuwa imezunguka. Iliposhikwa na ukavu ikaungana na kingipini, ikaacha kukaa tuli ikawa inageuka nayo ndani ya stabu. Ikizunguka, tundu lake la grisi linahama, ukuta wa bushi unaziba tundu la nipeli. Kwa hiyo hata angebadilisha ile nipeli yenye rangi na kuweka mpya, grisi isingeingia ng'o. Wakati mwingine ukiona nipeli nzima lakini pampu inagoma, sababu ni hiyo.

Shida ya pili ni kwamba ilipokuwa inazunguka ilipanua tundu la stabu. Bushi ya kwenye kiti niliiingiza kwa vidole, na bushi inayoingia kwa vidole itatoka kwa vidole. Kuna wanaoigongea nukta za tindo pembeni ishike, au wanaichomelea. Sikufanya hivyo. Nilisawazisha tundu la stabu liwe duara tena, kisha nikakereza bushi moja mpya kutoka kwenye kipande cha shaba nyeusi, unene wa nje umezidi kidogo, nikaichimbia mfereji wa grisi ndani na kuitoboa tundu. Shaba nyeusi, siyo shaba ya njano ya mabomba. Ile ya njano inakerezeka vizuri na inapendeza machoni lakini kwenye kingipini haidumu.

Kaka alinisimamia kichwani saa tatu nzima.

Mkulima wa Lukozi

Nilisimama kwa sababu ilikuwa nzuri kutazama. Kila ukitoa rima unapangusa na kidole, unatia kingipini, unatikisa kichwa, unarudia. Nilihesabu mara tisa kwa bushi moja. Ya kumi ikaingia na kutoa sauti ndogo ya hewa, fyuu, kama kizibo cha chupa ya dawa. Sijawahi kufurahia sauti ya chuma namna ile.

Kufunga tulifunga wenyewe. Trasti beringi niliiweka upande wenye mfuniko ukitazama juu ili tope lisiingie. Shimu juu, nikajaribu mpaka mwanya ukabaki ule ambao karatasi ya fila geji, kipimo cha mianya, ya milimita 0.10 haipiti. Mkato wa kingipini ulikataa kulingana na kipini cha ulalo, nikazungusha na bisibisi kutoka juu mpaka ukakaa. Nipeli nne mpya. Nikapiga grisi gari likiwa bado juu ya magogo, tairi zikining'inia, kama mlivyoniambia Korogwe, ili iingie chini kwenye trasti. Ikatokea kwenye maungio, nyeupe, pande zote nne. Tulikaa tukiitazama kama watu wanaotazama mpira.

Jana nimeshuka Mombo na mzigo nusu. Spidi 50, kimya. Nikaenda 60 kwenye lami ya chini, kimya. Kona za Soni linaingia pale ninapoliambia.

Yamebaki mawili. Usukani bado haurudi wenyewe vizuri baada ya kona. Na kwenye breki bado linavuta kushoto, kidogo kuliko zamani lakini linavuta.

Mzee wa Spana

Hongereni, wewe, mdogo wako na binti yangu wa Korogwe. Mfereji wa grisi kwa mkono siku hizi wanaokubali kuuchimba ni wachache.

La kwanza ndiyo ile skrubu. Piga jeki mbele, matairi yote mawili yaache ardhi. Geuza usukani toka mwisho hadi mwisho polepole kwa vidole viwili. Utasikia pembeni panakaza. Legeza nati ya nje ya skrubu ya boksi, kisha rudisha skrubu robo mzunguko, si zaidi, ukaze nati, ujaribu tena kwa vidole viwili. Uache pale usukani unapopita bila kukwama hata kama katikati patabaki na mchezo wa vidole viwili. Boksi la mwaka 77 lina haki ya mchezo wa vidole viwili. Na uangalie oili yake, mara nyingi boksi hizi huwa kavu.

Kisha pima matairi yametazamanaje. Umebadilisha kingipini, vipimo vya zamani vimekufa. Kama huna mashine ya alaimenti karibu, vuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele pande zote mbili, ukingo wa mbele wa matairi ya mbele uwe umeingia ndani milimita chache tu kuliko ukingo wake wa nyuma. Usipofanya, tairi jipya utalila kama lile la zamani.

La pili siyo kingipini tena. Gari huvuta upande unaoshika. Linavuta kushoto kwa sababu kulia hapashiki. Fungua dramu la kulia.

Mkulima wa Lukozi

Mzee, skrubu nimeirudisha robo, usukani sasa nikimaliza kona nauachia unarudi wenyewe hadi karibu na katikati, kama zamani akiendesha baba. Boksi lilikuwa kavu kweli, limekunywa oili karibu kikombe cha chai. Uzi nimevuta, kulia kulikuwa kumefunguka nje, nimerekebisha kwenye tairodi.

Dramu la kulia nimefungua leo mchana. Silinda ya breki pistoni moja imeganda na kutu, haisogei hata kwa koleo. Nimeagiza mpya, inakuja na basi la Alhamisi. Kabichi za Jumatano amenibebea Kirikuu wa jirani, safari mbili.